Minyoo bapa ya nyoka, na mdudu anayesingiziwa

Picha ni ileile kila mara: nyoka wa porini kapasuliwa, mapafuni mna vidude vyeupe vimejikunja, na chini yake mtu kaandika "minyoo bapa". Nimevumilia vya kutosha. Vile vidude si bapa, na wala si minyoo: ni pentastomida, jamaa wa kamba na kaa.

Tumalize maana kwanza. Minyoo bapa ni wanyama laini wasio na mifupa, wasio na mishipa ya damu, wala uwazi kati ya ngozi na viungo vya ndani. Ndani ya nyoka utakuta hasa makundi mawili: tegu, wanaokaa utumboni, na trematoda, ndugu wa wale wanaotuletea kichocho, ambao huweza kukaa kinywani, mapafuni, utumboni hata kwenye figo.

Neno bapa tunalijua tangu jikoni. Bapa la kisu ni ule upande mpana usiokata. Jina la kisayansi la kundi zima nalo limeungwa kwa Kigiriki kutoka "bapa" na "mnyoo". Jina sestoda, la kundi la tegu, linatokana na mshipi; trematoda linatokana na tundu, kwa sababu ya vile vikombe vyake vya kunyonyea vinavyoonekana kama matundu. Na ubapa wenyewe una kazi. Mnyama asiye na damu ya kusambaza hewa mwilini hupitishia hewa kwenye ngozi, kwa hiyo ni lazima awe mwembamba. Tegu amevuka mpaka: hana mdomo wala utumbo, chakula anakifyonza kwa ngozi.

Sasa mtazame yule wa kwenye picha. Mwili wake una pete pete kama bangili zilizopangwa; aina mojawapo inayokaa kwa chatu na vifutu wa Afrika inaitwa Armillifer, yaani mbeba bangili. Ana ngozi ngumu anayoiambua akikua, kama afanyavyo kaa, na kulabu nne kandokando ya mdomo. Waliomtazama zamani walihesabu midomo mitano, ndiyo maana kundi lake likaitwa pentastomida. Mwaka 1989 uchunguzi wa vinasaba ulimweka karibu na chawa wa samaki, ukoo mmoja na kamba na kaa. Anakunywa damu ndani ya pafu, na nyoka wengi wana pafu moja tu la maana. Huko Florida, Marekani, aina iitwayo Raillietiella orientalis iliingia na chatu wa Burma, sasa imehamia kwa nyoka wenyeji. Lawama ya kunywa damu na kuvamia nyoka hao isibebeshwe minyoo bapa.

Minyoo bapa halisi mara nyingi haimsumbui sana nyoka wa porini. Trematoda wa kinywani kwa kawaida hupita kwa konokono, kisha kiluwiluwi cha chura au chura mwenyewe, ndipo wamezwe na nyoka, na wachache hukaa humo bila kelele. Wakizidi, kinywa au pafu huvimba. Wa kwenye figo hutanua mirija ya mkojo. Tegu wakiwa wengi huweza kuziba utumbo.

Kuna pia tegu wa Spirometra, ambaye kwa nyoka ni mpita njia. Kiluwiluwi chake (hapa ni mtoto wa tegu, si wa chura) hulala chini ya ngozi na kwenye misuli kama utepe mweupe, kikingoja nyoka aliwe na paka au mbwa, maana ni kwenye utumbo wa hao ndiko atakakokuwa tegu mzima. Uvimbe wake chini ya magamba watu huudhania jeraha la zamani. Binadamu akila nyama hiyo mbichi, kiluwiluwi huhamia kwake.

Kwa hiyo, ndugu mwenye picha, sikulaumu. Kwa mbali ni rahisi kukosea. Ila ukihesabu pete, futa "minyoo bapa" uandike "kimelea", nami sitakuja tena kukusumbua.