Mstari wa Kitulo: nani anauchora, nani anaweza kuufuta

Mwezi uliopita mwenyekiti wa kitongoji kimoja upande wa Matamba alikuja ofisini kwangu Mbeya na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na nakala ya Tangazo la Serikali, imetolewa fotokopi mara nyingi hadi herufi zimevimba. Akaniamkia, akakaa, akasema: "Mzee, tumeambiwa hii karatasi ndiyo inayolinda mlima wetu. Naomba unisomee." Nikamsomea. Ilituchukua karibu saa mbili, maana kila mto ulipotajwa alinisimamisha kunieleza kwao unaitwaje na maji yake yanatoka wapi.

Mimi ni mpima ardhi. Sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kutembea mipaka ya misitu na hifadhi za nyanda hizi za juu, na nimeona watu wengi wakiiogopa au kuiamini karatasi ya aina ile bila kuijua. Kwa hiyo nayaandika hapa yale niliyomweleza mwenyekiti, na mengine ambayo muda haukutosha.

Tuanze na ardhi yenyewe. Sheria mbili za mwaka 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, zinasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kisha zinaigawa makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Pori halilindwi kwa sababu ni pori. Linalindwa siku linapohamishwa kutoka makundi mawili ya kwanza kwenda la tatu, na uhamisho huo hufanyika kwa tangazo ndani ya Gazeti la Serikali, lenye namba, tarehe na jedwali la mipaka. Kabla ya hapo hata msitu mnene ambao babu zenu waliuogopa ni ardhi ya kawaida mbele ya sheria.

Swali ninaloulizwa mara chache, na ambalo kwangu ndilo kubwa, ni hili: nani amesaini? Mkono unaoweka ulinzi ndio unaoonyesha ulinzi huo unaweza kuondolewa kwa urahisi gani.

Hifadhi ya taifa hutangazwa na Rais baada ya Bunge kuridhia, na kuibadili mipaka yake kunapita mlango huohuo. Pori la akiba hutangazwa na Rais kwa amri chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, baada ya kushauriana na mamlaka za mitaa, bila kupita bungeni. Msitu wa hifadhi wa taifa, pamoja na hifadhi ya mazingira asilia, hutangazwa na Waziri chini ya Sheria ya Misitu ya 2002. Msitu wa hifadhi wa kijiji unaanzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, pale chini ya mwembe, kwa kunyoosha mikono na kuandika muhtasari.

Wamarekani walilifikiria jambo hilihili. Tarehe 3 Septemba 1964 Rais Lyndon Johnson alisaini sheria ya maeneo ya nyika, ikaweka chini ya ulinzi ekari milioni 9.1 za ardhi ya umma kwa mara moja. Kiini chake ni kwamba eneo huingia kwenye orodha kwa sheria ya Bunge lao, na waziri hawezi kulitoa kwa kalamu yake. Mwaka huohuo wa 1964 sisi tulitangaza Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ikimegwa kutoka Pori la Akiba la Rungwa. Ila sheria ile ya Marekani inamwita binadamu mgeni, mtu anayepita bila kukaa. Hapo ndipo mimi huwa nasita. Sijawahi kutembea mpaka hata mmoja huku kwetu ambao ndani yake hapakuwa na mahali pa tambiko, kaburi, njia ya ng'ombe au mto wenye jina la mtu.

Kitulo ndiyo mfano ninaoupenda. Ukitoka Chimala unapanda Hamsini na Saba, zile kona zilizohesabiwa moja moja, hadi Matamba, kisha unatokea kwenye tambarare ya mita zipatazo 2,600 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Novemba hadi Aprili ardhi yote inachanua. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na aliyewahi kufika Januari hahitaji maelezo. Bunge liliridhia na mwaka 2005 eneo la kilomita za mraba 412.9 likawa hifadhi ya taifa, inayotajwa kuwa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Okidi za ardhini pekee ni aina 45.

Kwa nini maua yahitaji Bunge? Kwa sababu ya chikanda. Viazi vya okidi vilikuwa vikichimbwa kwa magunia na kuvushwa hadi Zambia, ambako hutwangwa na karanga kuwa chakula kinachopendwa sana. Ukichimba kiazi umeua mmea, haubaki mzizi wa kuchipua. Kulikuwa pia na swali la nani ataitumia tambarare ile, viazi mviringo, malisho au kitu kingine, na serikali yenyewe ina shamba lake la ng'ombe wa maziwa hapohapo jirani. Nyasi zinaonekana tupu kwa mtu anayepita kwa gari, na kitu kinachoonekana tupu hupangiwa matumizi. Jedwali la mipaka ndilo linalomwambia kila afisa anayekuja na mradi wake kwamba pale pana mwenyewe tayari.

Mlima Rungwe ulipata ulinzi wa namna nyingine. Mwaka 2003 watafiti waliofuata masimulizi ya wawindaji walimkuta nyani ambaye sayansi haikumjua, na Wanyakyusa walikuwa wakimwita kipunji tangu zamani. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, jambo ambalo kwa nyani wa Afrika lilikuwa halijatokea kwa zaidi ya miaka 80. Sensa iliyochapishwa 2008 ilihesabu 1,117 tu, katika misitu ya Rungwe, Livingstone ulio upande wa Kitulo, na Ndundulu kule Udzungwa. Mwaka 2009 Rungwe ikatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Nafurahi, na bado nasema wazi kwamba kipunji wa upande wa Kitulo analindwa na Bunge wakati ndugu yake wa Rungwe analindwa na Waziri. Kati yao pana ukanda mwembamba wa Bujingijila, na nyani akivuka pale anabadili sheria bila kujua.

Usangu ni habari ndefu zaidi, na inauma. Maji ya Ruaha Mkuu hukusanyika bonde la Ihefu kabla ya kuingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kwenda kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Tangu 1993 mto ulianza kukauka kila kiangazi, viboko wakabanana kwenye madimbwi. Serikali ilitangaza Pori la Akiba la Usangu 1998, ikawaondoa wafugaji kwa nguvu 2006 na 2007, kisha Tangazo namba 28 la 2008 likaliingiza bonde hilo ndani ya Ruaha, hifadhi ikafikia kilomita za mraba 20,226.

Kwenye ramani ile kazi ni safi. Ardhini, mstari ulipita juu ya vijiji na mashamba ya mpunga ya Mbarali. Sheria ya Hifadhi za Taifa inasema eneo likishatangazwa, haki za watu juu ya ardhi hiyo zinakoma. Sheria ya Ardhi ya Vijiji nayo inataka kijiji kijulishwe kabla ardhi yake haijahamishwa, mkutano mkuu uamue kama ardhi haizidi hekta 250 au Waziri aamue kama inazidi, na fidia ikubaliwe kwanza. Zikisomwa pamoja zinaeleweka: kwanza mnaelewana, halafu mnatangaza. Ukianza na tangazo, umezalisha mgogoro wenye namba ya Gazeti. Mipaka hiyo ilibidi iguswe tena 2023, na mwaka 2024, baada ya malalamiko ya wanavijiji, Benki ya Dunia ilisimamisha fedha za REGROW, mradi wa kukuza utalii katika hifadhi za kusini, na hatimaye ikaufuta. Mimi naamini Ihefu ilistahili kulindwa. Naamini vilevile kwamba ililindwa kwa namna iliyowafanya watu waliokunywa maji yake wauchukie mto wao, na hasara hiyo haionekani kwenye jedwali lolote.

Kuna kosa langu mwenyewe ambalo nalieleza kila ninapofundisha vijana. Miaka ya mwanzo ya kazi nilitumwa kurudisha mpaka wa msitu wa serikali. Nilichukua koodineti kutoka ramani ya 1:50,000, nikaziingiza kwenye GPS, nikaanza kutembea. Ramani zetu za zamani zimechorwa kwa mfumo wa rejea unaoitwa Arc 1960, na GPS inatumia WGS 84. Usipobadili, huku kwetu unakosea kama mita 300, na kosa linakupeleka kaskazini. Msitu ulikuwa kusini, mashamba kaskazini. Nilikuwa nimeshachomeka vigingi vinne katikati ya viazi vya watu pale bibi mmoja aliponijia na jembe begani. Hakupiga kelele. "Mwanangu, bikoni ya Wazungu iko kule bondeni. Baba mkwe alinionyesha nilipoolewa." Akanitangulia hadi kwenye jiwe lenye namba, limezama kwenye majani. Laiti angekuwa amekwenda sokoni siku ile, shamba lake lingekuwa msitu wa hifadhi kwenye ripoti yangu, na yeye angekuwa mvamizi.

Matatizo ya jedwali hayaishii hapo. Mengi yanaandikwa kwa mito: kuanzia makutano ya mto fulani, kufuata ukingo wa kushoto hadi kwenye daraja. Milimani hilo linafaa. Usangu, ambako mto unahama mkondo baada ya mafuriko, mpaka nao unahama au unabishaniwa. Daraja nalo lilikuwa la magogo, sasa halipo.

Kwa hiyo mwenyekiti aliponiuliza wafanye nini kwao, sikumwambia waombe hifadhi ya taifa. Wana msitu mdogo wa chemchemi ambao haumo ndani ya mpaka wa mtu yeyote. Nilimweleza habari za vijiji vya Iringa kama Mfyome na Kiwere, vilivyotenga misitu yao wenyewe: mpango wa matumizi ya ardhi, sheria ndogo zilizopitishwa na mkutano mkuu na kuthibitishwa na halmashauri, kamati ya kusimamia, faini inayoingia mfuko wa kijiji. Mkutano huohuo unaweza kubadili mawazo mwaka ujao, ni kweli, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Lakini msitu wa chemchemi unaojulikana na kila mama anayechota maji una walinzi wengi kuliko wote niliowahi kuona kwenye lango la hifadhi.

Alitaka kujua gharama za upimaji. Nikampa, akaziandika nyuma ya bahasha. Kisha akaomba nimwandikie jedwali la Tangazo lake kwa Kiswahili cha kawaida, na majina ya mito kama wanavyoyaita wao yakiwa kando ya yale ya Gazeti, ili alisome kwenye mkutano wa kitongoji. Nimeshamaliza. Mito miwili bado sijaipatia jina la kienyeji, na amesema wazee watanionyesha nikipanda.