Sekunde 90: kumtayarisha kijana wa Unguja au Pemba kwa shindano la kuimba la runinga

Kijana anayetaka kuingia Bongo Star Search au shindano jengine la runinga huja na swali moja: "Mwalimu, niimbe nyimbo gani?" Swali lina haki yake, ila limekuja kabla ya wakati. Kwanza nataka namba mbili: noti ya juu kabisa anayoifikia bila ya kukaza shingo, na sekunde atakazopewa jukwaani. Wimbo unachaguliwa uingie ndani ya namba hizo. Wengi hufanya kinyume. Hupenda wimbo kwanza, kisha huanza kupigana nao.

Tuanze na sekunde. Chukua 90, kipimo cha kawaida kwa raundi za jukwaani. Wimbo wa midundo 80 kwa dakika, wenye midundo minne katika kila baa (baa ya muziki, si ile ya pombe), hutumia sekunde 3 kwa baa. Kwa hivyo una baa 30, hapana nyengine. Mimi huzigawa hivi: baa 2 za kuingilia, 8 za ubeti, 8 za kiitikio, 4 za daraja, au briji kama wasemavyo studio (kipande chenye mahadhi tofauti kabla ya mwisho), na 8 za kiitikio cha mwisho. Ukiongeza baa 4 za kinanda mwanzoni kwa sababu zinapendeza, umeshakula sekunde 12, na kitakachokatwa ni mwisho, pale kilele kilipo. Wimbo wa pole pole wa midundo 72 hukupa baa 27 tu. Wa kuchangamka wa midundo 120 hukupa 45, na ndiyo maana kijana mwenye sauti ya wastani hupumua vizuri zaidi kwenye wimbo wa haraka kuliko kwenye wimbo wa mapenzi wa kuvuta.

Biti, yaani muziki usio na sauti ya mwimbaji, ikatwe na mtu wa studio, pale ambapo kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si ile ya serikali) inarudi nyumbani, kwenye kodi kuu ya wimbo, na ifungwe kwa kodi moja inayoshikiliwa. Usikubali biti inayofifia taratibu. Kwenye redio hufaa, lakini jukwaani watu hawajui wapige makofi wakati gani na mwimbaji anabaki kusimama kama aliyesahau kitu.

Wapo wanaosema kuukata wimbo namna hii ni kuuvunjia heshima, khasa ukiwa wa taarab. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa santuri za zama zile ulibeba kama dakika tatu tu, na taarab ya ukumbini haikuwa ya dakika tatu. Kukata ni ufundi wa zamani hapa kwetu.

Sasa ufunguo, au kii: wimbo ukae juu au chini kiasi gani. Kaa na kinanda, mwambie aimbe "na-na-na" akipanda nusu toni moja moja (hatua ndogo kabisa ya kinanda) kutoka Do ya kati. Usimsikilize tu, mtazame. Noti ambayo kidevu kinaanza kunyanyuka, iandike: huo ndio mpaka wake. Rudia siku tatu tofauti, moja iwe asubuhi, na uchukue matokeo mabaya kuliko yote, kwa sababu siku ya kamera hatakuwa amelala vizuri. Kilele cha wimbo kikae nusu toni mbili chini ya mpaka huo.

Mfano: mpaka wa msichana ni La, ile ya hezi 440. Kilele chake basi ni Sol. Wimbo anaoutaka unapanda hadi Si, kwa hivyo lazima ushuke nusu toni 4. Hapo wengi huridhika na kuondoka. Ngoja, angalia na chini. Kama ubeti ulianzia Si iliyo chini ya Do ya kati, sasa umeangukia Sol, na huko msichana wa miaka 16 kwa kawaida hana sauti, ana upepo tu. Jaji atausikia mstari wa mwanzo kama mtu anayenong'ona. Dawa ni mbili: kubadilisha mahadhi ya mistari miwili ya mwanzo yapande kidogo, au kuuacha wimbo. Dawa ya tatu, kushusha nusu toni 2 ili "tukutane katikati", ni mbaya kuliko zote. Kilele kinagonga pale pale kidevu kinaponyanyuka, na chini bado hakusikiki.

Programu kama Audacity inaweza kushusha biti, lakini ukipita nusu toni mbili au tatu ngoma huanza kulia kama zimo ndani ya pipa. Bora mpiga kinanda aipige upya. Na faili lipelekwe la WAV (sauti isiyobanwa), kwa kipimo cha sampuli 48,000 kwa sekunde, ambacho ndicho cha runinga. Studio nyingi za muziki hutoa 44,100. Faili hilo likichezwa kama la 48,000 bila ya kugeuzwa, biti inapanda karibu nusu toni moja na nusu, na sekunde 90 zinakuwa kama 83. Kijana anadhani sauti imemsaliti, kumbe ni faili. Kwenye mazoezi ya jukwaani asikilize noti ya kwanza na kuilinganisha na ile ya simuni kwake kabla hajafungua mdomo.

Usaili wa mwanzo mara nyingi hauna muziki kabisa, na hapo adui ni noti ya kuanzia. Moyo ukienda mbio, mtu huanza juu kuliko alivyofanya mazoezi, na akifika kwenye kiitikio hana pa kupandia. Mlangoni aisikilize noti yake kutoka kwenye simu, aingie akiivumia kwa midomo iliyofungwa, akimaliza kutaja jina lake aivumie tena kwa siri, ndipo aanze.

Nikae zaidi kwenye jambo linalowahusu watoto wetu. Wengi hawakuanzia studio. Wameanzia chuoni (madrasa), kwenye kasida na maulidi, na wengine wakapitia taarab, au Dhow Countries Music Academy pale Mji Mkongwe, ambako hufundishwa udi, kanuni na fidla. Huo ni mtaji mkubwa: pumzi ndefu, kukariri bila ya karatasi, kusimama mbele ya umati bila ya kutetemeka. Lakini wanaingia na mazoea ambayo maiki na kinanda haviyapokei vizuri.

La kwanza ni pua. Katika tajwidi, kanuni za kusoma Qurani, nuni na mimu zenye shadda hushikiliwa kwa ghunna, harakati mbili puani. Ni hukumu sahihi mahali pake. Tatizo, ulimi hauulizi umefika wapi. Mpe kijana maneno "moyoni mwangu" ayaimbe, utamsikia anakaa juu ya "m" na "ng" badala ya kukaa juu ya irabu, na sauti inatoka imebanwa. Mwambie azibe pua kwa vidole viwili aimbe mstari huo huo. Irabu zikibadilika sauti, pumzi inavujia puani. Kisha aimbe irabu peke yake: o-o-i-a-u, mara kumi, taya likiwa limelegea. Baadaye arudishe konsonanti, fupi fupi, kama anayegusa pasi ya moto. Kiswahili kinatusaidia hapa, maana maneno yake karibu yote huishia na irabu.

La pili ni sikio. Katika maqamu (ngazi ya noti ya muziki wa Kiarabu) ya Rast, ukianzia Do, noti ya tatu hukaa baina ya Mi bemoli (Mi iliyoshushwa nusu toni) na Mi, karibu robo toni chini ya Mi ya kinanda. Sikio lililolelewa na udi na fidla huiona hiyo ndiyo tamu. Biti ya kinanda haina noti hiyo. Ukiiweka juu ya kodi ya Do kubwa (Do, Mi, Sol), jaji atasema umetoka nje ya kii, na kwa biti ile atakuwa amesema kweli. Simpendi mwalimu anayemwambia mtoto kama huyu kwamba masikio yake mabovu. Ana masikio ya muziki wa aina mbili, kazi ni kumfundisha lini atumie lipi. Shikilia kodi ya Do kwenye kinanda, aimbe Do, Re, Mi pole pole huku programu ya kupimia noti iko wazi kwenye simu, mpaka mshale ukae katikati kwenye Mi. Dakika 10 kila siku, wiki mbili au tatu. Ile Mi ya Rast asiitupe: aiweke kwa ule mstari mmoja ambao biti imenyamaza na amebaki peke yake. Hapo hakuna kinanda cha kugombana nacho, na ukumbi unasikia kitu ambacho mshiriki mwengine hana.

La tatu ni vikorombwezo. Kwenye taarab mwimbaji ana nafasi ya kulizungusha neno na wasikilizaji wakamtunza. Katika baa 30, kila mzunguko unaiba nafasi ya neno jengine. Kimoja kwa ubeti, kimoja kwa kiitikio cha mwisho, basi.

Maiki ya mkononi ishikwe katikati. Akikifunika kichwa chake kwa kiganja, spika zinaanza kupiga mluzi. Akiifunika chini, zile zisizo na waya hupoteza mawimbi, maana antena iko huko. Vidole viwili kutoka mdomoni kwenye ubeti, shubiri moja kwenye noti kubwa. Vifaa vya masikioni avivae vyote viwili. Anayetoa kimoja ili "asikie watu" huanza kupiga kelele kushindana na ukumbi, na noti hupanda. Nyumbani asifanye mazoezi na vile vya blutuuthi, vina ucheleweshaji mdogo unaomzoesha kuimba nyuma ya mdundo. Vya waya vya bei rahisi vinatosha.

Safari nayo ni sehemu ya sauti. Boti ya kwenda Dar es Salaam ni kama saa mbili baharini, na wakati wa kusi, khasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka. Anayetapika njiani anaunguza koo kwa asidi, na haliponi kwa chai ya tangawizi. Avuke siku nzima kabla, si asubuhi ya usaili. Anayetoka Pemba aongeze siku moja zaidi. Usiku wa kuamkia siku yenyewe urojo wa Forodhani apishane nao: ndimu, embe mbichi na pilipili juu ya tumbo lenye wasiwasi ni kiungulia, na kiungulia huvimbisha nyuzi za sauti. Ale mapema, masaa matatu kabla ya kulala. Maji ayaanze tangu jana, kwa sababu kinywaji hakipiti juu ya nyuzi za sauti hata kidogo, mwili ndio unaozilowesha kutoka ndani, na hilo huchukua saa kadhaa. Mwezi wa Ramadhani, mazoezi ya sauti yahamishiwe baada ya tarawehe, na mchana afanye ya kukariri tu.

Kwenye foleni, ambayo huanza alfajiri na wewe ukaitwa alasiri, asiimbe kuwafurahisha wenzake. Achukue mrija na chupa ya maji iliyojaa nusu, atumbukize mrija kina cha vidole viwili, apulize huku akivumisha sauti kutoka chini kwenda juu, dakika tatu kila saa. Sauti inabaki na joto bila ya kuchoka. Na asinong'one. Kunong'ona kunaweza kukaza koo kuliko kuzungumza kwa sauti ya kawaida.

Akishaingia raundi za kura, hesabu inageuka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima, Zanzibar ikiwa na 1,889,773, kama asilimia 3. Ile kauli ya "Wazanzibari tumpigie kura mtoto wetu" ni nzuri kwa moyo, lakini haimfikishi fainali. Kura zake ziko Mwanza, Mbeya na Dar. Kwa hivyo raundi ya mwanzo ya kura aimbe wimbo unaojulikana Bara nzima, na ule wa kwao wenye harufu ya udi uje raundi ya tatu au ya nne, watu wakishamzoea. Lafudhi asiifiche, Bara wanaipenda. Namba yake ya kura aitaje pole pole, mara mbili, akitazama kamera. Na asome kanuni kama simu moja huhesabiwa mara moja au mara nyingi, kwa sababu kampeni ya familia hutegemea hilo.

Nafasi ya kwanza si ya kufa na kupona. Peter Msechu alipitia Bongo Star Search, akamaliza wa pili Tusker Project Fame mwaka 2010, na anajulikana mpaka leo. Jennifer Hudson alitolewa American Idol mwaka 2004 akiwa wa saba, akachukua Oscar mwaka 2007. One Direction walikuwa wa tatu kwenye X Factor ya Uingereza mwaka 2010. Kinachoumiza zaidi ni karatasi iliyosainiwa bila ya kusomwa. Aliye chini ya miaka 18 asaini na mzazi au mlezi wake, na wausome mkataba nyumbani, si nyuma ya jukwaa dakika kumi kabla ya kurekodi. Watafute haya: umri wa mkataba na nani mwenye haki ya kuurefusha, kama anaruhusiwa kutoa nyimbo zake ndani ya muda huo, asilimia inakatwa kwenye mapato yepi, na jina la jukwaani ni la nani mkataba ukiisha. Mzazi aulize pia nani wa kike anakaa na wasichana kambini, pale washiriki wanapolala, na kurekodi humalizika saa ngapi. Hayo si maswali ya ushamba.

Klipu za jukwaani kwa kawaida ni mali ya kituo au mtayarishaji, na nyimbo alizoimba ni za watu. Wimbo wake mwenyewe uwe umeshachanganywa studio kabla ya wiki ya fainali, utoke ndani ya siku chache baada ya shindano, watu wangali wakilikumbuka jina. Kabla haujatoka, waliohusika waandike kwenye karatasi moja nani ana maneno, nani ana mahadhi, nani ana biti na kwa asilimia ngapi, wasaini wote, kisha wimbo upelekwe COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ukasajiliwe.