Çatalhöyük: Kijiji Kilichoingiliwa kwa Paa

Wageni wa makumbusho huuliza kwanza habari za dhahabu. Sisi tunaochimba mambo ya kale hufurahia zaidi sakafu chafu, na sakafu za Çatalhöyük, katika uwanda wa Konya nchini Uturuki, zimetufunza mengi. Wakulima wa mwanzo walihamia hapo takriban mwaka 7100 KK. Walikaa zaidi ya miaka elfu moja, wakijenga nyumba juu ya kifusi cha nyumba, hata pakatokea kilima cha mita 20 hivi. James Mellaart alianza kuchimba mwaka 1961. Mwaka 1993 Ian Hodder na wenzake wakaanza upya, kwa mwendo wa kobe.

Mitaa haikuwapo. Nyumba za matofali mabichi zilibanana, na mlango ulikuwa tundu kwenye paa, unashuka kwa ngazi. Moshi nao ulitokea hapo hapo, maana tanuri lilikuwa chini ya tundu. Aliyewahi kupika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha ameshaelewa. Kwenye mifupa ya baadhi ya wazee, upande wa ndani wa mbavu, wataalamu walikuta masizi.

Kuta zilipoingia weusi walizikandika upya kwa udongo mweupe. Kipande cha lipu hiyo kikiwekwa chini ya hadubini huonyesha mistari myembamba, mweupe, mweusi, mweupe; ukuta mmoja waweza kuwa na matabaka mamia.

Majivu yalibaki upande wa tanuri. Upande wa pili vilikuwa vibaraza safi vya kulalia, na chini yake walizikwa wafu, magoti yamekunjwa kifuani. Tulidhani ni ukoo mmoja. Vipimo vya meno, kisha vya DNA, vikatusuta: wengi waliozikwa pamoja hawakuwa ndugu wa karibu, na undugu ulipoonekana ulipitia zaidi kwa mama.

Walikula ngano, shayiri, njegere, kondoo na mbuzi. Ila mimi huvutiwa na mipira ya udongo, ya ukubwa wa ngumi, inayookotwa kwa wingi katika matabaka ya zamani. Inaelekea waliichoma motoni, kisha wakaitumbukiza kwenye chakula kilichomo kikapuni. Vilipokuja vyungu vinavyostahimili moto, mipira ikapungua. Chungu ukishakiteleka unaweza kwenda kusaga; mipira ilitaka mtu wa kuigeuza na kuibadilisha mpaka chakula kiive.