Kutoka GNOME kwenda Xfce kwenye Debian: soma orodha kabla ya kukubali

Wengi wanaoniletea laptop ya zamani yenye RAM ya GB 4 huwa wameshaweka Debian, mfumo wa familia ya Linux, na wakati wa kusakinisha walikubali GNOME kama eneokazi, yaani mwonekano wa skrini, menyu na madirisha. Mashine inajikokota, sasa wanataka kuhamia Xfce, eneokazi jepesi zaidi. Hakuna haja ya kufuta diski na kuanza upya. Kwenye Linux, eneokazi ni vifurushi tu (programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa) vilivyopangwa juu ya mfumo: paneli, kisimamizi cha madirisha, kisimamizi cha faili, skrini ya kuingilia na vinginevyo. Xfce, iliyoanzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996, na GNOME, iliyoanza mwaka 1997, zinakaa pamoja kwenye diski moja, nawe unachagua unayoitaka kila unapoingia.

Kwa hiyo utaratibu wangu haubadiliki: weka jipya kwanza, lifanyie kazi, ndipo uondoe la zamani.

Fungua terminali, anza na `sudo apt update` (`sudo` hukupa mamlaka ya msimamizi), kisha `sudo apt install task-xfce-desktop`. Apt, programu ya kuweka na kuondoa vifurushi, itakuonyesha vifurushi vipya, vitakavyoondolewa, MB za kupakua na nafasi itakayotumika. Mwenye bando dogo ataangalia MB. Mimi macho yangu huenda kwanza kwa vitakavyoondolewa. Unapoongeza kitu, sehemu hiyo kwa kawaida haipaswi kuwepo kabisa. Ukiona humo jina usilolijua, jibu `n` ukachunguze.

Hili si woga wa bure. Mwaka 2021 Linus Sebastian, anayetengeneza video za kompyuta, alijaribu kuweka Steam, programu ya michezo, kwenye Pop!_OS, Linux nyingine inayotumia apt. Kwenye ghala la mtandaoni ambako apt hupakua vifurushi kulikuwa na matoleo ya vifurushi yasiyopatana, na njia pekee apt iliyoiona ni kuondoa eneokazi zima. Ilimwonya, ikamtaka aandike sentensi nzima ya kukubali, naye akaiandika. Akabaki na skrini nyeusi yenye maandishi. Baada ya hapo watunzaji wa apt walikaza masharti ya kuondoa vifurushi vya lazima, na nadhani walifanya vyema. Hata hivyo hakuna sharti linaloweza kukusomea orodha.

Kuna wanaopenda kuongeza `--no-install-recommends`, yaani apt isilete vifurushi vinavyopendekezwa tu, ili kubana MB. Nawaelewa, bando ni pesa. Lakini ujue unachokikataa. Katika Debian 12, kifurushi `xfce4` hakilazimishi `xorg`, kinaipendekeza tu. Ukiweka hivyo kwenye mashine isiyo na eneokazi lolote, utakosa hata kitu cha kuchora skrini. `thunar-volman` nayo ni pendekezo tu, na bila hiyo ukichomeka flashi hakuna kinachofunguka chenyewe. Kama mna kompyuta kadhaa zenye toleo moja la Debian na aina moja ya prosesa, njia bora ya kuokoa bando ni kupakua mara moja. Tumia `sudo apt-get install -d task-xfce-desktop` (`-d` hupakua bila kusakinisha), nakili faili za `.deb` kutoka `/var/cache/apt/archives`, uziweke kwenye folda hiyohiyo ya mashine nyingine. Huko apt itapakua zile zinazokosekana tu. Angalia, nimeandika `apt-get`: amri ya `apt`, kwa mpangilio wake wa kawaida, hufuta faili hizo baada ya kusakinisha, `apt-get` huziacha.

Katikati ya usakinishaji utaulizwa uchague skrini ya kuingilia, `gdm3` au `lightdm`. Chagua `lightdm`. Ukibadili mawazo baadaye, `sudo dpkg-reconfigure lightdm` italeta swali lilelile.

Washa upya, ingia kwenye Xfce, jaribu Wi-Fi, sauti na printa. Itumie siku chache.

Sasa kuondoa GNOME, na hapa ndipo watu wengi huumia. Apt hukumbuka kila kifurushi kiliingiaje: uliagiza wewe mwenyewe, au kililetwa na kingine kilichokihitaji. Vilivyoletwa, aliyevileta akiondoka, huwa mayatima, na `autoremove` ipo kwa ajili ya kufagia mayatima. Kifurushi `gnome` chenyewe karibu ni kitupu, kazi yake ni kuwataja wenzake tu. Ukiondoa Evolution, programu ya barua pepe, `gnome` nayo inatoka kwa kuwa inaitegemea, na vingi ilivyovileta huweza kupoteza mtetezi. Ndiyo maana mtu anaondoa programu moja leo, anaendesha `autoremove` wiki ijayo, na vitu asivyovigusa vinatoweka.

Fanya jaribio kwanza: `apt -s purge gnome gnome-core gnome-shell gdm3`. Herufi `-s` huonyesha kitakachotokea bila kugusa chochote. Fanya vivyo hivyo na `apt -s autoremove`. Kila unachotaka kibaki, kitetee: `sudo apt-mark manual rhythmbox`, kwa mfano, kama unataka programu hiyo ya muziki. Mimi humtetea `network-manager` hata kabla ya kusoma orodha, kwa sababu bila mtandao huwezi kurudisha kingine chochote. Ukiridhika, rudia amri hizo kwa `sudo`, bila `-s`.

Na kama tayari umefika kwenye skrini nyeusi, bonyeza Ctrl+Alt+F3, uingie kwa jina na nenosiri lako. Wi-Fi unaiunganisha kwa `nmtui`. Fungua `/var/log/apt/history.log`, uende chini kabisa: kila kilichoondolewa kimeandikwa humo kwa jina na toleo, pamoja na amri iliyokiondoa. Anza kwa kurudisha `task-xfce-desktop`, kisha `sudo systemctl restart lightdm`.