Boya limetokea baharini, sio kijiweni

Juzi asubuhi nilikuwa Deep Sea hapa Tanga, wavuvi wanatengeneza nyavu, kijana mmoja akamfokea mwenzie "we boya nini, nakwambia vuta huku unavuta kule!", watu wakacheka kazi ikaendelea. Mimi nafanya kazi ya maneno, basi nikabaki nimeganda, maana maboya yenyewe yalikuwa pale pale miguuni kwao, vipande vya malapa chakavu vimekatwa, vikatobolewa katikati, vikapitishwa kwenye kamba ya juu ya wavu ili isizame.

Neno tumelipata kwa Wareno, kwao ni boia, na wale jamaa walikaa sana pwani hii, Vasco da Gama kapita 1498, Ngome ya Yesu Mombasa wakaianza 1593 wakaja kutimuliwa 1698. Wametuachia meza, bendera, leso, karata, na hili.

Sasa la mtaani. Watu wanadhani boya ni mjinga tu, mimi nakataa kabisa. Mjinga hajui, ukimfundisha anajua. Boya unamweleza kila kitu na bado akija mtu na maneno matamu anabebwa. Ndo maana mtu akishtukia anapigwa kwenye biashara hasemi "usinifanye mjinga", anasema "usinifanye boya", yaani usinipeleke unakotaka wewe. Na ukilitazama boya majini unaliona hilo, jepesi, wimbi likija huku nalo huku, likirudi nalo linarudi, samaki wamejaa chini yake halina habari. Mimi naamini tusi limezaliwa hapo.

Mzee mmoja alikuwa anashona wavu pembeni hakupenda, akasema "mwanangu, boya likikatika wavu wote unaenda chini, hilo nalo mnalitukania watu?" Nimeliwaza sana hilo.

Angalia na sarufi, hapa ndo patamu. La kwenye wavu ni boya hili, limekatika. La mtu ni boya huyu, kanichosha, linapewa utu wake kama bwege huyu, fala huyu, zoba huyu, kwa hiyo washkaji wanatupiana na hakuna anayenuna. Lakini siku ukisikia mtu anaambiwa "boya hili limekuja tena", ameshatolewa kwenye watu akawekwa kwenye vitu, hapo usicheke, sogea uwaamulie.