Je, wajua kwa nini mtungi wa gesi unaowaka mdomoni haulipuki papo hapo?

Askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji anapokuja mtaani kufundisha usalama, kuna onyesho moja linalowafanya watu waachie viti vya mbele. Anafungua mtungi wa gesi na kuiwasha. Moto unaruka ukivuma. Kisha anachukua blanketi lililoloa maji, anakunja ncha zake zifunike vidole, anausogelea moto blanketi likiwa mbele yake kama ngao, anaufunika mdomo wa mtungi, na papo hapo anafunga koki. Moto kwisha.

Mbona haukulipuka? Gesi haiwaki bila hewa, na ndani ya mtungi hewa hakuna. Mna gesi tupu iliyogandamizwa hadi ikawa kimiminika, nayo inasukuma kutoka nje, hivyo moto haupati njia ya kuingia. Unawaka pale mdomoni tu, gesi inapokutana na hewa. Blanketi bichi linakata hewa, koki inakata gesi. Hilo la koki ndilo husahaulika, na ukilisahau umejitafutia balaa kubwa zaidi, kwa sababu gesi itaendelea kumwagika bila kuonekana.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni na kujaa chini ya meza na vitanda. Ikishachanganyika na hewa kwa kiasi cha kati ya asilimia 2 na 10 hivi, cheche ya swichi inatosha kuilipua. Kwa hiyo ukisikia harufu yake usiwashe taa wala usizime. Funga koki, fungua milango na madirisha, toa watu nje. Harufu yenyewe huwekwa makusudi kabla gesi haijauzwa, maana kwa asili haina harufu.

Mtungi uliozingirwa na moto kwa nje ni habari nyingine kabisa. Kimiminika ndani kinachemka, mgandamizo unapanda, chuma kinalegea, na hapo mtungi unaweza kupasuka. Huo hausogelewi. Tokeni nje, pigeni 114, namba ya dharura ya Zimamoto.

Tanzania imelenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mitungi inaingia kwenye nyumba zilizozoea mkaa tangu enzi za bibi. Mafunzo haya ni ya lazima, ila naona tunawafundisha wasiohusika sana. Mkutanoni huenda baba mwenye nyumba, huku dada anayefungua koki alfajiri amebaki jikoni. Yeye ndiye apewe blanketi alishike kwa mikono yake, mbele ya askari, hadi woga umtoke. Watoto nao waje, lakini somo lao si kuzima moto. Wajue ile harufu, wajue kukimbilia nje, na wajue kumtajia askari wa 114 jina la mtaa wao na duka au msikiti ulio karibu na nyumba.