Klachi ya gari la spoti la zamani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Gia ya rivasi inakwaruza. Klachi imekanyagwa hadi chini na bado gari linataka kusogea. Wenye magari ya spoti ya zamani wengi hufika hapo, na wengi huanza papo hapo kutafuta mfumo mpya wa kuachia klachi. Vifaa vya kuboresha vipo tele, na baadhi yake ni vizuri kweli. Lakini vinauzwa kwa madai ambayo mara nyingi ni kweli nusu, na anayeyaamini bila kupima huishia kushusha giaboksi mara mbili.

"Klachi haikati, basi mfumo wa kiwandani ni dhaifu"

Dhana hii ndiyo inayogharimu watu zaidi. MGB, gari la spoti la Kiingereza, ilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980 ikiwa na klachi ya mafuta (pedali husukuma mafuta kutoka silinda ya juu, iliyo pedalini, hadi ya chini, iliyo kwenye giaboksi), na ilipokuwa mpya klachi hiyo ilikata vizuri. Kilichoongezeka tangu hapo ni uchakavu. Pini inayounganisha pedali na fimbo ya silinda ya juu hulika, na tundu lake likawa na umbo la yai. Kwa kuwa pedali ni wenzo, mlegezo mdogo pale juu huwa mkubwa mguuni: kwenye pedali yenye uwiano wa 5 kwa 1, milimita 1 iliyolika kwenye pini inakupotezea milimita 5 za kukanyaga. Halafu kuna tundu la foki (mkono unaosukuma beringi ya klachi), bushi za pedali, na mpira wa mafuta uliozeeka ambao huvimba kila unapokanyaga. Kila kimoja kinapunguza mwendo kidogo, na jumla yake ndiyo klachi isiyokata.

Kwa hiyo pima kabla ya kununua chochote. Mwambie mwenzako akanyage pedali hadi mwisho, nawe upime fimbo ya silinda ya juu imesogea kiasi gani na ya chini kiasi gani. Ikiwa silinda ya juu ina kipenyo cha inchi 0.75 na ya chini inchi 1, milimita 30 za juu zinapaswa kutoa karibu milimita 17 chini. Ukipata 11, mfumo una upepo, sili inapitisha mafuta, au mpira unavimba. Ikiwa fimbo ya juu yenyewe haifiki mwendo wake, angalia pini na bushi. Kipimo hiki hakihitaji zaidi ya rula na mtu wa pili, na sielewi kwa nini hurukwa mara nyingi hivyo.

Inawezekana pia silinda ya chini ikasogea sawasawa na klachi isikate. Hapo ubovu uko ndani. Kwenye magari ya Triumph, kuanzia TR4A hadi TR6, foki imeshikwa kwenye shafti yake kwa pini moja iliyochongoka, na pini hiyo inajulikana kwa kukatika. Ikikatika, shafti inazunguka lakini foki haiifuati kikamilifu. Watu wamebadilisha silinda zote mbili, wakatoa upepo mara nyingi, na ubovu ukabaki palepale. Ukishaitoa giaboksi (kwenye TR6 hutolewa kupitia ndani ya gari, baada ya kuondoa kifuniko cha katikati), toboa foki na shafti uweke boliti ya pili kusaidia ile pini. Kwangu mimi huu ni uboreshaji wenye thamani kuliko vingi vinavyouzwa kwenye maboksi mazuri.

"Silinda ya juu ikiwa kubwa, klachi inakuwa bora"

Silinda kubwa husukuma mafuta mengi zaidi, hilo ni kweli. Ukitoka inchi 0.70 kwenda 0.75, huku ya chini ikibaki inchi 1, milimita 30 zilizokuwa zikitoa milimita 14.7 sasa zinatoa 16.9. Umeongeza mwendo kwa karibu asilimia 15, na pedali nayo imekuwa nzito kwa asilimia hiyohiyo. Huwezi kupata kimoja bila kingine. Kuna hatari nyingine pia: presha pleti (bamba linaloibana klachi pleti) yenye springi ya diaframu ina kikomo chake. Ikisukumwa kupita hapo, vidole vyake vinaweza kupinda au kugusa klachi pleti. Anayeongeza kipenyo cha silinda aweke pia kizuizi cha pedali.

"Beringi ya kaboni ni ya kizamani, weka ya gololi"

Beringi ya klachi ya kaboni, kama ile ya MGB, ni kipande cha grafiti kinachogandamiza bamba laini lililo katikati ya presha pleti. Haizunguki. Inasuguana, na ndiyo maana inaliwa haraka na dereva anayesubiri taa za barabarani akiwa amekanyaga klachi. Dereva anayetia nyutro na kuondoa mguu huenda nayo mbali sana.

Wanaoibeza kaboni husahau kwamba foki haiendi mbele kwa mstari ulionyooka, bali huzunguka kwenye egemeo lake, na hivyo beringi husogea kidogo pembeni kila unapokanyaga. Grafiti hulivumilia hilo, kwa sababu kuteleza ndiyo kazi yake. Beringi ya gololi iliyofungwa tu kwenye foki ileile, bila bomba la kuiongoza kuzunguka shafti ya giaboksi, hujikuta nje ya katikati, ikisuguana huku inazunguka. Ikiwa kifaa unachotaka kununua kina bomba hilo la kuongoza, na presha pleti inayolingana nalo, kinafaa kufikiriwa. Ikiwa ni beringi peke yake, ningebaki na kaboni ya ubora mzuri.

Hasa kwenye MGB, ambako giaboksi haitoki peke yake: ama utoe injini, ama vyote viwili pamoja. Beringi si kitu cha kujaribia pale.

"Silinda ya kuzunguka shafti humaliza matatizo yote"

Aina hii, inayochukua nafasi ya silinda ya chini, huondoa foki, pini na egemeo kwa mpigo mmoja, na beringi husukumwa ikiwa imenyooka. Kwa gari lililobadilishiwa giaboksi ni suluhisho zuri. Ila ikivuja, huifikii mpaka giaboksi itoke. Na nafasi kati ya beringi na vidole vya presha pleti lazima ipimwe wakati wa kufunga, kwa sababu huna fimbo ya kurekebisha baadaye.

"Kebo ni duni kuliko mafuta"

Porsche 911 iliendelea na kebo hadi modeli za 1986, na ikapata klachi ya mafuta mwaka 1987 pamoja na giaboksi ya G50. Kebo nzuri, isiyopindwa kwa ukali, hufanya kazi yake.

"Mafuta ni mafuta tu"

Mafuta ya breki na klachi ya DOT 3, 4 na 5.1 ni ndugu, na hunyonya unyevu. DOT 5 ni ya silikoni: haili rangi ya gari na hainyonyi maji, lakini hushika vipovu vya hewa kwa urahisi, na haichanganywi na hizo nyingine. Mafuta ya madini, hata tone, huvimbisha na kuharibu sili za breki za kawaida.

"Presha pleti ngumu zaidi haina hasara"

Kila ukikanyaga klachi, nguvu ya presha pleti inaisukuma krenki (shafti kuu ya injini) mbele. Kinachoizuia ni washa nyembamba, na kwenye TR6 washa hizo ni udhaifu unaojulikana: zikilika sana zinaweza kudondoka kwenye sampu (bakuli la mafuta chini ya injini), kisha krenki ikaanza kula bloku. Presha pleti nzito huharakisha hilo, na mguu unaokaa kwenye klachi huongeza. Kabla ya kufunga kifaa kigumu, mtu akanyage klachi injini ikiwa imezimwa, nawe utazame puli ya mbele. Mchezo unaoruhusiwa ni takriban milimita 0.15 hadi 0.20, kiasi ambacho jicho halipaswi kukigundua kirahisi. Ukiona puli inasogea waziwazi, liache suala la klachi ufungue sampu kwanza. Washa hubadilishwa kutokea chini, bila kutoa injini.